Barua ya wazi: siku 60 zinazoisha kabla jirani wa kiwanda hajajua

Kwa Waziri wa Mazingira, Mabadiliko ya Tabianchi na Misitu. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Na kwa wanachama wa Kamati ya Mazingira ya Bunge la Taifa, Nairobi.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Kaunti ya Kilifi. Sikusomea sheria, na hadi miaka mitatu iliyopita sikuwa nimewahi kuifungua Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Leo nakala yangu imechakaa, ukurasa wenye kifungu cha 129 umekaribia kuchanika, na kifungu hicho nimekikariri kama nilivyokuwa nikiwakaririsha watoto jedwali la kuzidisha. Nilikijua nikiwa nimechelewa, na kuchelewa huko ndiko kulikonifanya niwaandikie.

Sitakitaja kiwanda kilichojengwa jirani nasi, wala ofisi iliyotujibu, kwa sababu ninaloliomba linawahusu majirani wa viwanda vyote vya nchi hii. Lakini ni lazima nieleze yaliyotupata, ili muone ni wapi sheria nzuri inapomponyoka mtu inayemkusudia.

Kwetu jambo lilianza kwa ukuta. Uwanja uliokuwa na minazi michache na njia ya mkato ya kwenda kisimani ulizungushiwa mawe, malori yakaanza kuingia na kutoka, na tulipouliza tuliambiwa kwamba ni ghala. Miezi ikapita. Kisha asubuhi moja, kusi ikiwa imeanza kuvuma, moshi ulitoka kwenye bomba ambalo tulidhani ni la tangi la maji, ukapita juu ya shule niliyofundisha kwa miaka kumi na tisa, na akina mama waliokuwa wameanika makopa juu ya mikeka wakayakuta yamefunikwa na vumbi jeusi lisilofutika kwa maji. Siku hiyo ndipo tulipojua kwamba jirani yetu ni kiwanda cha kuyeyusha chuma chakavu.

Tulikwenda kuuliza. Afisa aliyetupokea alikuwa mwungwana, akatueleza kwamba kiwanda kina leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira, kwamba ilitolewa kwa kufuata utaratibu, na kwamba tukitaka kuiona ripoti tuandike barua. Tuliandika. Jibu lilipokuja, na ripoti ilipotufikia, wakili kijana aliyekubali kutusaidia bila malipo aliitazama tarehe ya leseni, akaigeukia kalenda iliyokuwa ukutani kwangu, akahesabu kwa kidole mwezi hadi mwezi, kisha akanyamaza. Zilikuwa zimepita siku 83. Sheria inatoa siku 60.

Waheshimiwa, nawaomba mwisome tena sheria hiyo kwa macho ya mtu aliyeketi upande wetu wa ukuta. Kifungu cha 129 kinampa mtu yeyote asiyeridhika na kutolewa kwa leseni haki ya kukata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, ndani ya siku 60 baada ya kutokea kwa jambo analolilalamikia. Jambo lenyewe ni kutolewa kwa leseni. Sheria haisemi kwamba siku zihesabiwe tangu jirani alipopata habari. Na marekebisho ya mwaka 2015, ambayo nayashukuru kwa kuwa yalitamka waziwazi kwamba si mwombaji wa leseni peke yake anayeweza kulalamika, yalitubana kwa upande wa muda: hapo awali watu wa nje kama sisi walipitia kijifungu cha pili, ambako jopo lilikuwa na nafasi ya kuongeza muda, lakini sasa tumewekwa pamoja na mwekezaji ndani ya siku zile 60. Tofauti ni kwamba mwekezaji huijua tarehe ya leseni tangu siku inapotiwa saini, kwa maana anaisubiri.

Najua kwamba yapo maamuzi yaliyohesabu siku kuanzia pale mlalamikaji alipopata kujua, na nawaheshimu waliofikia uamuzi huo. Lakini maana yake ni kwamba kila mwanakijiji anayekata rufaa lazima kwanza athibitishe siku aliyojua. Wakili wa kampuni huleta pingamizi la awali, na miezi hupita watu wakibishana kuhusu nani aliona moshi lini, huku swali la nini kilichomo ndani ya moshi huo likingoja. Mtu athibitisheje kwa hati ya kiapo siku aliyoacha kudhani kwamba jengo ni ghala?

Lililonishangaza zaidi, nilipozidi kusoma, ni jinsi sheria inavyopiga kelele kabla ya leseni na kunyamaza baada yake. Kanuni za tathmini na ukaguzi za mwaka 2003 ziliagiza kwamba anayetaka kujenga mradi mkubwa abandike matangazo mahali pa wazi karibu na eneo la mradi, achapishe ilani katika gazeti linalosambazwa nchi nzima kwa majuma mawili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Ni kanuni nzuri. Zingefuatwa kwa roho yake, nisingekuwa nikiandika barua hii. Lakini leseni yenyewe inapotolewa, hakuna bango linalobandikwa kwenye mwembe wa barazani, hakuna tangazo la redio kwa Kigiriama wala kwa Kiswahili, na hakuna barua kwa chifu. Daftari la leseni liko wazi kwa umma, ni kweli, ila yuko wapi mvuvi wa Takaungu au mkulima wa Ganze anayeamka kila juma kwenda kulikagua daftari hilo, kutazama kama jina la kijiji chake limo? Saa ya rufaa inaanza kupiga mahali asipokuwepo.

Hata anayejua mapema hana nafasi kubwa. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi la taarifa, na inaiwezesha kuongeza siku 14 nyingine ikiwa taarifa inayoombwa ni nyingi, na ripoti ya tathmini ya kiwanda si karatasi mbili. Jumla ni siku 35, ofisi ikiwa haijakosea lolote. Zinabaki siku 25 za kuisoma ripoti ya mamia ya kurasa, kumtafuta mtaalamu wa hewa au maji, kuchanga nauli, kuitisha kikao, kukubaliana, na kuandika rufaa. Na ripoti yetu, kama nyingi nilizopata kuziona tangu wakati huo, iliandikwa kwa Kiingereza tupu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Nilikaa majuma mawili nikiwatafsiria wazee sura tatu tu za ripoti ile, kwenye veranda ya msikiti baada ya sala ya alasiri, na kila nilipofika kwenye jedwali la vipimo nililazimika kuwaambia kwamba hapa hata mimi sielewi.

Jambo moja katika ripoti hiyo nililielewa vizuri sana. Vipimo vya hewa vilichukuliwa kwa siku chache za mwezi wa Januari. Kila mtoto wa Pwani anajua kwamba Januari ni kaskazi. Shule iko upande wa kaskazini wa kiwanda, na upepo wa kaskazi huupeleka moshi upande wa pili, kwenye vichaka visivyo na watu. Ni kusi, inayoanza mwezi wa Aprili, ndiyo inayouleta madarasani. Mzee yeyote angeuliza swali hilo kama angeulizwa. Wapo majirani zangu waliohudhuria kikao kimoja kuhusu mradi, na majina yao yamo katika ripoti, lakini wao wenyewe wamenieleza kwamba waliulizwa kijiji kinataka nafasi ngapi za kazi na kama kitapenda kuchimbiwa kisima. Hakuna aliyewaambia ni nini kitakachochomwa. Ripoti ilipokamilika, hakuna aliyerudi kuwaonyesha.

Nasema hayo nikijua kwamba si sisi wa kwanza. Septemba 2016 leseni ilitolewa kwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, Kaunti ya Lamu, si mbali na mji wa kale ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Wakazi, wavuvi wakiwa miongoni mwao, walikata rufaa Novemba mwaka huo huo. Tarehe 26 Juni 2019, jopo liliifuta leseni hiyo. Nimeisoma hukumu hiyo zaidi ya mara moja. Jopo lilikuta kwamba mikutano mingi iliyohesabiwa kuwa ya kuwashirikisha wananchi ilifanyika mwanzoni kabisa, kabla ya utafiti kukamilika, kwa hiyo watu waliulizwa maoni kuhusu athari ambazo hawakuwa wameelezwa. Likaeleza kwamba ushirikishwaji wa umma ndio hewa inayoipa uhai ripoti ya tathmini, na kwamba ripoti isiyo nao huzaliwa ikiwa mfu hata ikiwa nene na ya kuvutia namna gani. Tena likaona kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Kampuni ilikata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Malindi ikaikataa.

Ndugu zetu wa Lamu walishinda kwa haki, na kwa juhudi ambayo siwezi kuieleza ikatosha. Lakini naomba mtazame jambo lililowasaidia ambalo leo halipo tena. Walipokata rufaa, sheria ilisema kwamba rufaa ikishawasilishwa, hali ibaki kama ilivyo hadi uamuzi utolewe. Kuanzia Novemba 2016 hadi Juni 2019 ni zaidi ya miaka miwili na nusu, na muda wote huo ardhi ya Kwasasi ilibaki ardhi. Marekebisho yaliyokuja baadaye yaliiondoa kinga hiyo. Sasa jopo laweza kutoa amri ya kusimamisha shughuli likiombwa na likishawishika, na marekebisho hayo yaliagiza hata zuio lililokuwa limekwisha kuwapo katika kesi zilizokuwa zikiendelea life, isipokuwa jopo litoe amri mpya. Kwa hiyo mwananchi anayekata rufaa leo ana vita viwili: cha kwanza ni kuomba kiwanda kisiwashwe, na cha pili ni rufaa yenyewe, na akishindwa katika cha kwanza, cha pili hukipigana huku akivuta moshi.

Naelewa hoja ya waliobadilisha kifungu hicho. Walisema kwamba mshindani wa biashara, au mtu mmoja mwenye kinyongo, aliweza kuzuia mradi wa mabilioni kwa karatasi moja ya rufaa, na ujenzi wa nyumba za watu ukakwama kwa miaka. Sidharau hoja hiyo, maana kijana wangu mwenyewe ni fundi wa ujenzi na najua maana ya mjengo kusimama. Lakini sheria haikutofautisha jengo la ghorofa ambalo jirani analalamikia kivuli chake na tanuri linaloyeyusha madini. Ghorofa lililojengwa kimakosa laweza kubomolewa. Madini ya risasi yakiingia katika mifupa ya mtoto hayabomolewi.

Hapo ndipo ninapolazimika kukitaja kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, Mombasa, ambacho nyote mnakijua. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2014, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendesha shughuli zake ukuta kwa ukuta na nyumba za watu wapatao 3,000. Risasi ilikuwa hewani, ikawa kwenye udongo ambamo watoto walicheza, ikaingia katika damu ya akina mama na watoto wao. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na athari yake katika ubongo wa mtoto haina dawa ya kuirudisha nyuma. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliongoza mapambano kwa miaka na kutunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Kesi ya wakazi iliamuliwa Julai 2020 katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa, wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na NEMA ikawa miongoni mwa taasisi zilizobainika kuwa hazikutimiza wajibu wao. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka ambao tanuri lile liliwashwa alikuwa na umri wa miaka 17 uamuzi wa mwisho ulipotolewa. Alikuwa amemaliza shule ya msingi, kama aliweza kuimaliza. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, na jambo hili linaniuma kuliko nililolieleza kuhusu kijiji chetu. Mahakama ilitenda haki, lakini ilitenda baada ya madhara kukamilika, na fedha hizo hazinunui tena uwezo wa kujifunza kusoma. Haki ya kuipinga leseni kabla ya tanuri kuwashwa ndiyo pekee ambayo ingemfaa mtoto huyo, na ndiyo hiyo tuliyo nayo kwa siku 60 zisizotangazwa.

Mtasema, kama nilivyojibiwa, kwamba jopo si mlango pekee, na kwamba Katiba inatosha. Ni kweli kwamba Katiba ni pana. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani pasipo kuthibitisha kwamba kuna mtu yeyote aliyepata hasara au kuumia. Maneno hayo ni hazina. Hata sheria ya mwaka 1999, katika kifungu cha 3, iliondoa sharti la zamani la mtu kuonyesha jeraha lake mwenyewe kabla ya kusikilizwa. Lakini waulizeni wakazi wa Kibos, Kisumu, jinsi mtu anavyoweza kutumwa mlango huu na ule. Mwaka 2019 mahakama ilizifuta leseni za viwanda vilivyokuwa vikilalamikiwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo kwa hoja kwamba walalamishi walipaswa kuanzia kwenye jopo na kwenye kamati ya malalamiko, na Mahakama ya Juu ikalikataa ombi lao mwaka huo huo. Baada ya uamuzi huo wengi wetu tulielezwa na mawakili kwamba aliyekosa siku 60 za jopo hana pengine pa kukimbilia. Desemba 2023, katika kesi nyingine, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuwapo kwa njia nyingine hakumzuii mtu kupeleka dai la kikatiba la mazingira safi mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Tulishusha pumzi. Hata hivyo, ombi la kikatiba lina gharama na uzito wake, linataka wakili aliyebobea, na mara nyingi hufika wakati kiwanda kinafanya kazi tayari. Haifai kuwa mlango wa dharura ndio unaotumiwa kila siku kwa sababu mlango wa mbele hufungwa mapema.

Gharama nazo zinawatisha watu kuliko mnavyodhani. Tulipokuwa tukikusanya saini, jirani mmoja, mwuza samaki, alinirudishia kalamu na kuniuliza: mwalimu, tukishindwa, wataichukua nyumba yangu? Sikuwa na jibu la kumtuliza. Ni kweli kwamba mahakama mara nyingi huamua kila upande ubebe gharama zake pale kesi inapohusu maslahi ya umma, na nawashukuru majaji kwa hilo. Lakini ni hiari ya jaji, si ahadi ya sheria, na mwuza samaki hawezi kuiweka nyumba yake rehani ya hiari ya mtu asiyemjua. Wanaotunga sheria wanaweza kuandika sentensi moja tu, kwamba mwananchi anayepinga leseni ya uchafuzi kwa nia njema hatatozwa gharama za upande wa pili. Sentensi hiyo ingeleta saini nyingi kuliko mikutano yangu yote.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi kabisa, nami sikulijua hadi wakili wetu aliponionyesha. Leseni ya tathmini si leseni pekee ya kiwanda. Chini ya kanuni za ubora wa maji, kiwanda kinachomwaga maji taka kinahitaji leseni ya kuyamwaga; chini ya kanuni za ubora wa hewa, kinachotoa moshi kinahitaji leseni ya moshi huo; na leseni hizo hufanywa upya kila mwaka. Kila mwaka, basi, kuna afisa anayeketi, anayetazama vipimo, na anayeamua kwamba kiwanda kiendelee. Huo ni uamuzi mpya juu ya mapafu yetu, na majirani hatuujui mwezi wake wala vipimo vilivyotazamwa. Kama leseni hizo zingetangazwa kila zinapoombwa upya, na kama sheria ingesema bila shaka yoyote kwamba kila utoaji upya unaanzisha siku zake za rufaa, mtu aliyechelewa mwaka wa kwanza asingekuwa amechelewa milele, na kiwanda kingekuwa na sababu ya kila mwaka ya kuwa jirani mwema.

Ninachoomba kwa Waziri na kwa Bunge ni kifungu cha 129 kifunguliwe tena na kurekebishwa, ili siku 60 zihesabiwe tangu leseni ilipotangazwa mahali pa mradi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, bango likiwa mlangoni mwa ofisi ya chifu na mlangoni mwa kiwanda, pamoja na muhtasari wa ripoti ambao mtu wa kawaida anaweza kuusoma. Na ambapo hakuna tangazo, siku hizo zisianze kuhesabiwa. Naomba pia zuio la moja kwa moja lirudishwe kwa viwanda vinavyoyeyusha madini, vinavyochoma taka, vinavyotumia makaa ya mawe au kumwaga sumu majini, hata kama kwa majengo ya kawaida mtaona vyema liachwe kama lilivyo sasa. Kwa NEMA, sehemu kubwa ya ombi langu haihitaji Bunge. Hakuna sheria inayowakataza kubandika karatasi. Hakuna inayowakataza kumpigia chifu simu siku leseni inapotoka, au kumwagiza mwekezaji, kama sharti la leseni, arudi kwa watu aliowakusanya na awasomee yaliyopatikana.

Kijiji chetu kimeandika barua ya malalamiko, na tumeanza kuchanga kwa ajili ya ombi la kikatiba. Akina mama sasa huanika makopa ndani ya nyumba. Mwalimu mkuu wa shule amehamisha darasa la chekechea kwenda upande wa magharibi, chini ya mkorosho, kwa miezi ya kusi.

Leseni ya moshi ya kiwanda hicho itaombwa upya mwakani. Naomba tarehe ya ombi hilo ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya chifu wetu kabla ya Aprili, pamoja na vipimo vilivyochukuliwa wakati wa kusi, upande wa shule. Majibu yenu naomba yaje kwa Kiswahili, ili niyasome barazani kama yalivyo, bila mimi kuyatafsiri.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu, Kaunti ya Kilifi